Mtu wa Udongo Aliyenuna

Sogeeni karibu, watoto. Hadithi hii inaudhi. Mimi mwenyewe nikiisimulia huwa nakunja ngumi. Lakini msiogope, inaisha vizuri.

Delfina alikuwa na miaka sita. Aliishi na bibi yake, Bibi Macrina, katika nchi ya Meksiko, mbali sana na hapa.

Kijijini kwao waliishi Wazapoteki. Wazapoteki ni hodari wa kufinyanga udongo. Walifinyanga tangu kale, na wanafinyanga hadi leo.

Bibi Macrina alifinyanga vyungu vikubwa. Delfina alifinyanga vikombe vidogo. Vingine vilisimama. Vingine vililala ubavu.

Siku moja walipeleka vyungu mjini. Walipomaliza, mvua ikaanza. Cha, cha, cha. Kisha ikazidi. Chaaaaa.

"Tukimbilie wapi, Bibi?" akauliza Delfina.

"Pale penye mlango mkubwa," akasema Bibi.

Mlango ule ulikuwa wa makumbusho. Makumbusho ni nyumba inayotunza vitu vya zamani, ili watu waje kuvitazama. Ndani palikuwa pakavu na kimya.

Ndani ya kabati la kioo walikaa watu wa udongo. Walikunja miguu. Waliweka mikono magotini. Walivaa hereni kubwa na kofia za manyoya, na vyote hivyo vilikuwa vya udongo. Kila mmoja alibeba mtungi mgongoni.

"Hawa ni nani, Bibi?"

"Walifinyangwa na watu wetu, zamani sana," akasema Bibi. "Mtu alipokufa, waliwekwa naye kaburini, wakae naye asiwe mpweke. Huyo wa katikati ni mkubwa wao. Wadogo wake huwa wanne, siku zote."

Delfina akahesabu kwa kidole. Mkubwa, yupo. Mdogo wa kwanza, yupo. Wa pili, yupo. Wa tatu, yupo.

Halafu palikuwa na nafasi tupu.

"Bibi, wa nne yuko wapi?"

Wakatazama huku. Wakatazama kule. Mwishoni mwa chumba, kwenye kona yenye giza, palikuwa na kabati dogo. Ndani yake alikaa mtu mmoja wa udongo, peke yake.

Miguu ameikunja. Mikono ameiweka magotini. Mgongoni ana mtungi. Lakini uso wake, jamani. Nyusi amezikunja. Mashavu ameyavimbisha. Mdomo ameubetua.

"Amenuna," akasema Delfina.

"Kweli, amenuna," akasema Bibi.

Chini yake palikuwa na karatasi yenye neno moja tu. Bibi akalisoma. "Bandia."

"Bandia ni nini?"

"Ni kitu cha uongo. Wanasema huyu si wa kale. Wanasema kuna mtu alimfinyanga juzijuzi, ili awadanganye watu."

Kando ya kabati palikuwa na sanduku la mbao. Lilikuwa wazi, na ndani yake mlikuwa na majani makavu.

Cheke, cheke, cheke. Ni funguo hizo. Akaja mwanamume mwenye miwani, na funguo nyingi kiunoni. Alikuwa Bwana Heriberto, mtunzaji wa makumbusho.

"Sanduku hili ni la nani?" akauliza Delfina.

"La huyu hapa," akasema Bwana Heriberto. "Leo anaingia sandukuni, anakwenda stoo. Kabati lake tunalihitaji."

"Atatoka lini?"

"Hatatoka, binti. Vitu bandia vikienda stoo havirudi."

Hebu fikirini, watoto. Stoo ni giza. Majani yanawasha. Na wenzake wamekaa huku juu, wanatazamwa na watu, na nafasi yake iko tupu.

Masikio ya Delfina yakawa ya moto. Akapiga mguu chini. Pu!

"Si haki," akasema. "Si haki hata chembe."

Bwana Heriberto akashangaa. "Kwa nini?"

"Nani kasema ni bandia?"

"Mtaalamu. Alikuja miaka kumi na miwili iliyopita. Akawatazama wote usoni, mmoja mmoja. Hawa wengine wametulia. Huyu amenuna. Basi mtaalamu akasema, watu wa udongo wa kale hawanuni. Akaandika bandia."

Mmesikia hayo? Eti watu wa kale hawanuni. Kwani wao hawakukanyagwa vidole? Hawakunyimwa uji? Hawakuambiwa nenda kalale wakati bado wanacheza? Kila mtu hununa. Mimi nimenuna leo asubuhi.

"Mimi jana nilinuna," akasema Delfina. "Basi na mimi ni bandia?"

Bwana Heriberto akakohoa. "La, wewe si bandia."

"Bibi naye hununa."

"Hununa sana," akasema Bibi Macrina. "Muulize jirani yangu."

Bwana Heriberto akajikuna shingo. "Karatasi imeshaandikwa, binti. Mimi nafuata karatasi."

Pu! Pu!

"Si haki," akasema Delfina. "Si haki hata chembe. Miaka kumi na miwili! Mimi hata sijazaliwa, yeye alikuwa hapa, peke yake, kwenye kona."

Bibi akamshika bega. Hakumwambia anyamaze. Alimwambia, "Sema polepole, mjukuu wangu. Lakini sema."

Delfina akavuta pumzi. Akaweka pua kwenye kioo. Akachungulia upande huu. Akachungulia upande ule. Mgongo wa yule mtu wa udongo haukuonekana, ulielekea ukutani.

"Huyo mtaalamu," akauliza polepole, "alimtazama mgongoni?"

"Mgongoni?" Bwana Heriberto akacheka. "Mgongoni kuna nini? Watu huja hapa kutazama sura."

Delfina akamtazama Bibi. Bibi akamtazama Delfina. Hapo wakajua kwamba mtu huyu hajawahi kufinyanga hata kijiko.

Ngoja niwaeleze, watoto. Mfinyanzi akitaka kushikanisha udongo, hubonyeza kwa kidole gumba. Bonye, bonye. Mbele hulainisha, mpaka alama za vidole zinafutika. Nyuma haoni haja ya kulainisha. Nyuma alama hubaki.

Na kila mtu ana kidole gumba chake. Delfina angeweza kufumba macho, akapapasa nyuma ya chungu, akasema, hiki cha Bibi, hiki cha shangazi. Hakosei.

"Mgeuze," akasema Delfina.

"Hageuzwi," akasema Bwana Heriberto.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu... hajawahi kugeuzwa."

"Hiyo si sababu," akasema Delfina.

Bwana Heriberto akashika funguo zake. Kweli, haikuwa sababu.

"Mwanangu," akasema Bibi Macrina, "si utamtoa tu umtie sandukuni? Basi ukimtoa, mgeuze kidogo. Itakugharimu nini?"

"Mara moja tu," akasema Bwana Heriberto. "Kisha anaingia sandukuni."

Akavaa glavu. Akachagua ufunguo. Kacha! Kabati likafunguka. Akamtoa yule mtu wa udongo kwa mikono miwili, akamweka juu ya meza yenye kitambaa.

Akamgeuza, taratibu, taratibu.

Delfina akasogea. Hakugusa. Alitazama tu, mikono ameiweka nyuma.

Pale mtungi uliposhikana na shingo, palikuwa na alama. Moja. Mbili. Tatu. Zote tatu za kidole gumba, na zote zimelalia upande mmoja.

"Huyu mfinyanzi kidole chake kilipinda," akasema Delfina.

"Kilipinda kabisa," akasema Bibi. "Labda kiliwahi kuvunjika."

Delfina akanyoosha mkono kuelekea kabati kubwa. "Sasa wale."

"Wale wote?"

"Wote."

Bwana Heriberto akashusha pumzi. Kacha! Akamtoa mdogo wa kwanza. Akamgeuza. Alama moja, mbili, tatu. Zimelalia upande uleule.

Akamtoa wa pili. Moja, mbili, tatu. Kidole kilekile.

Sasa Bwana Heriberto hakushusha pumzi tena. Alikuwa anaharakisha. Wa tatu, moja, mbili, tatu. Kidole kilekile.

Mkubwa alikuwa mzito. Bwana Heriberto akamgeuza kwa shida, huku jasho linamtoka. Wote watatu wakainama kutazama.

Moja. Mbili. Tatu.

"Mkono mmoja," akasema Bibi Macrina. "Mtu mmoja aliwafinyanga wote watano. Kama hawa wanne ni wa kale, basi na huyu ni wa kale. Mimi nimefinyanga miaka hamsini, mwanangu. Hili silikosei."

Bwana Heriberto akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa. Akatazama tena.

"Nimempita kila siku," akasema. "Kila siku, kwa miaka kumi na miwili. Sikuwahi kumgeuza."

Akaichukua ile karatasi ya bandia. Chwaa! Akaipasua katikati.

"Nitawaandikia wataalamu waje tena," akasema. "Safari hii watazame na migongo. Lakini stoo haendi."

Akalisukuma sanduku kwa mguu mpaka likafika ukutani. Akawarudisha wote kwenye kabati kubwa, mmoja mmoja. Mkubwa katikati. Mdogo wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Mikono yake ikamfuata wa nne.

"Ngoja," akasema Delfina. Alikuwa amesimama mbele ya meza. Mikono ameikunja kifuani.

"Nini tena?"

"Hujamwomba radhi."

"Nimwombe radhi mtungi?"

"Yeye," akasema Delfina.

Bwana Heriberto akatazama mlangoni. Hakuna mtu. Akamtazama Bibi Macrina, apate kuokolewa. Bibi alikuwa anatazama dari.

Basi Bwana Heriberto akachuchumaa. Uso wake ukawa sawa na uso ule ulionuna.

"Niwie radhi," akasema. "Tulikuita bandia. Tulikosea."

"Na miaka kumi na miwili," akasema Delfina.

"Na miaka kumi na miwili. Niwie radhi kwa yote."

Nje mvua ilikuwa imepungua. Cha. Cha. Cha.

"Haya," akasema Delfina. "Sasa unaweza kumweka."

Bwana Heriberto akamweka wa nne kwenye nafasi yake. Akaenea vizuri kabisa, bega kwa bega na ndugu zake. Nafasi tupu haikuwapo tena.

"Sasa tuandike karatasi mpya," akasema Bwana Heriberto, akatoa kalamu. "Niandike nini, binti?"

Delfina akafikiri. Kisha akasema, na Bwana Heriberto akaandika kwa herufi kubwa, neno kwa neno.

Hawa ni ndugu watano. Mmoja amenuna. Ana haki ya kununa.

Mvua ilipokatika, Bibi na Delfina wakarudi nyumbani. Wakala. Wakanawa miguu. Bibi Macrina akamfunika Delfina blanketi mpaka kidevuni.

"Mjukuu wangu," akasema Bibi, "unafikiri yule wa nne ameshaacha kununa?"

"Bado, Bibi."

"Bado? Si amerudi kwa wenzake?"

"Amerudi," akasema Delfina, huku macho yanafumbika. "Lakini miaka kumi na miwili ni mingi. Haiwezi kwisha kwa siku moja. Lazima anune kwanza mpaka atosheke."

"Na wenzake je?"

"Wenzake hawana haraka. Watakaa naye."

Bibi akazima taa. Akabaki ameketi pale kitandani, kando ya Delfina, mpaka mtoto akalala.