Matone Chini ya Nailoni

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, Ayuma alikwenda uani kuitazama mashua. Ilikuwa imelazwa juu ya matairi makuukuu nyuma ya nyumba za Shauri Moyo, na watoto wa mtaa walikuwa wamekwisha kuichoka. Mwanzoni walikuja makundi makundi kuuliza kama Mto Nairobi umefurika. Siku ya tatu wakarudia mpira wao.

Ayuma hakuichoka. Mashua ile ilitoka Port Victoria, kando ya Ziwa Victoria, na huko ndiko alikokuwa mama yake.

Mama aliondoka mwezi wa Aprili kwenda kumuuguza nyanya aliyevunjika nyonga. Alisema ni wiki tatu tu. Sasa ilikuwa Agosti 1996, shule zimefungwa, na Ayuma, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa ameanza kusahau vitu vidogo. Hakukumbuka tena mama alianza kumsuka upande gani wa kichwa. Kanga ya mama iliyobaki nyuma ya mlango ilikuwa imeishiwa harufu. Ukiinusa, unanusa mlango.

Baba yake, Wesonga, alikuwa fundi wa faiba, ile plastiki ngumu ya nyuzi za kioo. Alitengeneza matangi ya maji na bodi za magari. Mashua ya zahanati moja kando ya ziwa ilipogonga mwamba, mama ndiye aliyewaambia wenyewe kwamba yupo mtu Nairobi anayeiweza. Ililetwa na mjomba Bwire, kwa lori lake la kubebea samaki. Angekuja kuichukua Jumamosi.

"Ikiwa tayari, utapanda lori ukakae na mama hadi shule zifunguliwe," baba alisema. "Isipokuwa tayari, haondoki mtu."

Baba aliusaga ufa mpaka pakawa na shimo la upana wa sahani. Lakini faiba iliyopasuka hunywa maji kama mkate, na ukiiziba ikiwa na unyevu, kiraka kitabanduka. Baba hakuwa na mashine ya kupima unyevu. Alikuwa na njia yake. Alifunika shimo kwa kipande cha nailoni, akabandika kingo zote kwa utepe wa gundi, akaiacha kutwa kucha. Nailoni ikitoa jasho kwa ndani, faiba bado ina maji. Ikiwa kavu, kazi inaanza.

Agosti ya Nairobi haina jua. Jumatatu nailoni ilitoa jasho. Jumanne na Jumatano vilevile.

Alhamisi asubuhi baba alikuwa akinyoa ndevu. "Ayuma, hebu nenda uitazame nailoni."

Akaenda. Matone yalikuwa machache, madogo kama punje za wimbi, lakini yalikuwepo. Aliyahesabu. Saba. Matone saba ni kitu gani, akajiuliza. Akabandua utepe, akaipangusa nailoni kwa mkono wa sweta yake, akaubandika tena.

"Kavu," alimwambia baba.

"Kavu kabisa?"

"Kavu."

Baba alikwenda kuchanganya dawa ya kugandishia faiba. Jambo hilo ndilo lililomchoma Ayuma: kwamba hakutoka kwanza kwenda kujitazamia mwenyewe.

Siku hiyo Wesonga alipanga tabaka za faiba mpaka shimo likajaa. Rangi alimwachia binti yake, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa na jicho la rangi. Kwake nyeupe ilikuwa nyeupe, basi.

Ijumaa Ayuma alichukua msasa laini na maji, akasugua mahali padogo kando ya kiraka mpaka ngozi iliyochomwa na jua ikatoka na rangi ya kweli ikaonekana. Mgeni wa kazi hulinganisha na rangi iliyochujuka, na mashua ikishang'arishwa, kiraka chake kinabaki kama doa. Ayuma alimimina rangi nyeupe nzito ambayo mafundi huiita jelkoti, akatia manjano kwa ncha ya msumari, kisha nyeusi, pungufu ya hapo. Alipaka tone kwenye mashua, akalifunika lisipate hewa, akangoja ligande, maana rangi mbichi na rangi iliyoganda si moja. Tone la kwanza lilikuwa na ubaridi wa samawati. La pili lilielekea siagi. La tatu, lilipoganda, alilitafuta asilione.

Kufikia saa tisa alasiri kiraka chote kilikuwa kimepakwa, kimeganda na kung'arishwa. Habibo, rafiki yake wa nyumba ya pili, aliinama akakitafuta kwa vidole.

"Kiko wapi?"

"Unakishika."

"Acha uongo." Habibo akapapasa tena. "Haya, mtu wa ziwa. Ukirudi unanuka omena, mimi sikujui."

Ayuma alijaribu kucheka.

Jioni hiyo mjomba Bwire alifika kulala, ili apakie mashua kesho yake, akaizunguka mashua mara mbili. "Wesonga, iliumia wapi hii?"

"Muulize mpwa wako."

"Mama yako, kila nikipita, ananiuliza kama umerefuka," Bwire alimwambia Ayuma. "Kesho kutwa atajipimia mwenyewe."

Ayuma aliigeukia mashua. "Mjomba, hii hubeba watu wangapi?"

"Wazima, kumi. Wagonjwa, sita, kwa sababu wengine wanalala. Jumatatu inakwenda kisiwani kumchukua mama mwenye mimba ya mapacha."

"Anajua kuogelea?"

"Na mapacha tumboni?" Bwire akacheka. "Wewe mtoto una maswali."

Ayuma alikitazama kiraka. Hakuna mtu ambaye angekiona, wala zahanati, wala mama. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya.

"Baba," alisema, "nailoni haikuwa kavu."

Wesonga alikuwa akinawa mikono kwenye karai. Aliendelea kunawa. "Matone mangapi?"

"Saba. Niliyapangusa."

"Kwa sababu ya lori."

"Kwa sababu ya mama."

Baba alijifuta mikono kwenye suruali, akaingia ndani, akatoka na mashine ya kusagia. Hakumgombeza. Laiti angemgombeza. Alikata katikati ya kiraka, vumbi jeupe likaruka, kisha akaingiza ukucha chini ya faiba mpya. Ikainuka kama ganda la chungwa. Chini yake kulikuwa na weusi wa unyevu.

Bwire hakucheka tena. "Nitarudi tarehe thelathini na moja. Kabla ya hapo siwezi. Yule mama wa mapacha watamtafutia mashua ya kuazima."

"Shule zinafunguliwa tarehe mbili," Ayuma alisema.

"Najua," alisema baba.

Jumamosi lori likaondoka bila mashua na bila Ayuma. Bwire alikuwa na barua mfukoni, na ndani yake Ayuma alikuwa amemweleza mama kila kitu, hata ile sweta.

Baba alikisaga kiraka chote, na siku sita nailoni ilitoa jasho. Siku ya saba Ayuma alimwita baba aje ajionee.

"Nimekutuma wewe," baba alijibu kutoka ndani. "Sema."

"Kavu."

Baba akaenda kuchanganya dawa.

Tarehe thelathini na moja mashua ilifungwa kamba juu ya lori. Ayuma alisimama kando ya baba yake, machozi yakimtoka, naye hakuyaficha.

"Kumtaka mama yako si kosa," Wesonga alisema. "Hata mimi namtaka. Kila mlango ukilia, nageuka. Lakini mtu akitaka kitu sana, hapo ndipo anapodanganya, na huanza kujidanganya mwenyewe kwamba matone saba si kitu. Rangi kila mtu ataiona. Kilicho chini yake unakijua wewe tu, na mgonjwa asiyekujua atalala juu yake akikuamini. Kwa hiyo useme kweli siku ileile, hata kama itakunyima safari. Wewe ulichelewa siku moja, lakini ulisema."

"Na Desemba?"

"Desemba nitakupeleka mwenyewe."

Lori liliingia barabarani. Mashua nyeupe ilipita juu ya vichwa vya watu wa Gikomba na mizigo yao, ikienda kwa mama. Ayuma akaitazama mpaka ikapinda kona, akijaribu kuona mahali palipokuwa na kiraka, asipaone.