Mlango wa Chumba cha Kunyonyeshea

Kilichoibiwa kilikuwa mlango. Mlango mzima na kitasa chake, ndani ya kiwanda cha nguo chenye ukuta mrefu na walinzi watatu.

"Mlango wa chumba gani?" Inspekta aliuliza, kalamu mkononi.

"Stoo," meneja alijibu.

Juu ya fremu palikuwa na kibao: CHUMBA CHA KUNYONYESHEA. Kilikuwa kipya kama sheria yenyewe, iliyoanza kutumika miezi minne iliyopita: kila anayenyonyesha apewe saa moja kwa siku, na chumba cha faragha. Ndani mlijaa maboksi ya vifungo.

"Ufunguo alikuwa nao nani?"

"Mimi."

"Kilifunguliwa lini mara ya mwisho?"

Meneja alikohoa. "Siku ya ukaguzi."

Inspekta aliandika, kifua kikimuuma kwa kujaa maziwa. Binti yake wa miezi mitano alikuwa kwa dada yake tangu alfajiri. Saa ile ya sheria hakuwahi kuiomba kituoni. Aliogopa kunyang'anywa upelelezi apewe mafaili. Alikuwa na hamu ya mwanawe, hata ya ile harufu ya utosi wake.

Alipiga magoti kukagua eneo la tukio. Skrubu za bawaba zilikuwa zimepangwa kwenye kifuniko cha kopo, zikinuka mafuta ya cherehani. Na pale penye mlango palining'inia pazia jipya. Mwizi gani huyu anayeacha pazia? Alikunjua pindo lake. Lilishonwa kwa mkono, mishono midogo iliyonyooka.

"Nani hapa anashona pindo hivi?"

Mafundi wote waliinamia cherehani zao. Mmoja tu hakuinama, mkongwe waliyemwita Mama Pindo, aliyesimama kwenye meza ya kukatia iliyofunikwa kitambaa. Inspekta alimwendea, akaegemea meza. Kidole chake kikazama.

"Meza yako ina tundu la ufunguo, mama."

"Macho unayo, mwanangu."

"Nani alikusaidia?"

"Bisibisi."

"Si ungevunja kitasa tu?"

"Kitasa kingebadilishwa kabla ya chai. Mlango mpaka aitwe seremala."

"Kwa nini wewe? Huna mtoto mchanga."

Mama Pindo alivua kidoleni tondoo ya kukingia sindano. "Wangu nilimpeleka kwa mama yangu akiwa na miezi miwili. Sheria haikuwepo, na kazi niliitaka. Leo ana ndevu, na akinipigia simu ananiita dada. Mama kwake ni yule aliyemlea. Simlaumu. Ila nikiwaona hawa mabinti wanakamua maziwa na kuyamwaga chooni, nalisikia neno lile, dada." Akatazama koti la Inspekta. "Nawe umelowa. Mficha uchi hazai."

"Mfunge pingu!" meneja alifoka.

"Mali haijatoka kiwandani, bwana meneja. Hapa sina mwizi. Nina chumba kilichofungwa kinyume cha sheria, na afisa wa kazi atakuja leo hii kukuhoji."

Kisha Inspekta aliingia nyuma ya pazia, akakaa juu ya boksi la vifungo, akampigia mkuu wake.

"Afande, kesi imekwisha. Naomba saa yangu ya kila siku. Ya kunyonyesha."



"Mtoto ana miezi mingapi?" mkuu aliuliza.

"Mitano, afande."

"Na siku zote hizi hukusema? Nenda."

 Inspekta alifunga vifungo vya koti, akaenda kwa mwanawe.