Kiti ya Mwajuma

Hapana, hakukuwa docteur. Munachanganya. Mwajuma alikuwa infirmière, mwenye kutunza bagonjwa, mutoto ya bantu ya Maniema, kule mu mutaa ya Kamalondo. Lakini kufundisha, alifundisha badocteur, na njo vile alimupata ule kijana. Ngojeni, nitafika.

Ni mwaka ile kampuni ya shaba, Union Minière, iligeuka Gécomin. Couloir, njia ya mu kati ya hopitali, ilikuwa inajaa bantu sawa soko. Mwape, student ya médecine mwenye kusomea udocteur, blouse yake nyeupe kupita meno, anasimama mbele ya mama moya mwenye kushika sahani ya mutoto wake.

"Mama Ngosa? Mutoto alikufa asubui." Anageuza karatasi, anaenda zake.

Sahani ilianguka. Mwajuma njo alimuokota ule mama, akamuikalisha, akamupa mayi, akamushika mukono mpaka ndugu zake bakafika. Kisha akamufwata Mwape.

"Weye, docteur. Siku mama yako atakufa, bakuambie vile? Sawa banatangaza bus?"

Bantu bakacheka. Mwape akakosa pa kuweka macho. Kumbe professeur ya Mwape alikuwa nyuma yabo, alisikia yote. Kesho yake akamuita Mwajuma: utafundisha hawa batoto kusema na bantu.

Basi kila juma, siku ya tatu, Mwajuma, amefunga pagne yake ya kijani, anaweka kiti moya mbele ya ma-students.

"Kwanza unamuikalisha. Unamuita jina ya kwabo, ya baba yake. Unamuuliza anayua nini. Unamupa mayi mu mukono. Kisha unasema neno yenyewe. Na haukimbie."

Ma-students banamucheka: infirmière kufundisha badocteur? Mwape njo alibanyamazisha. Kisha akaanza kupiga telefone ya pavillon, pale Mwajuma anatunza bagonjwa.

"Allô, madame professeur. Niko mugonjwa."

"Unaumwa wapi?"

"Mahali paracétamol haifike."

"Ikala chini, kunywa mayi." Mwajuma anacheka, anakata. Anabaki karibu na telefone, anangojea ilie tena.

Miaka mbili ilipita. Mwape akapata diplôme, akasema: dimanche bajomba yangu banakuya kwenu kukuomba ndoa. Mwajuma na mama yake bakapika toka asubui: bukari, ule ugali yetu, mboga ya lengalenga, samaki ya Kasenga yenye mafuta, arufu yake mpaka majirani banauliza kuko nini. Baba yake, muzee Alimasi, akavaa kanzu ya Idi.

Saa nane Mwape akafika. Peke yake, na costume mupya, koti na suruali. Akavuta kiti mu lupango, pale inje ya nyumba.

"Ikala, mutoto ya Alimasi."

Mwajuma akaangalia njia. "Bajomba beko wapi?"

"Kwanza uniambie. Unayua nini juu ya famille yetu?"

Mwajuma akasikia somo yake mu kinywa ya Mwape, neno kwa neno. Sauti ya pole, mikono imetulia. Hakuna student mwingine aliyeishika muzuri vile.

"Sema tu."

"Bajomba balikataa. Banasema mwanamuke mwenye kufundisha banaume, hapana. Balinioza binti mwingine, Bwalya. Arusi ilikuwa jana, samedi."

Mwape akabaki pale pale. Hakukimbia.

"Ulisahau mayi," Mwajuma akasema.

Na kweli, batoto yangu, aliinama kutafuta kopo.

"Acha. Haujamaliza. Baba na mama beko mu nyumba. Utabaambia weye mwenyewe. Na ubaikalishe."

Mwape akaingia. Akabaambia yote. Mama akafunika macho na kitenge. Muzee Alimasi akasema:

"Bukari inapoa. Mugeni hatokake kwangu na njaa."

Mwajuma akaleta mayi ya kunawa, akaanza na mikono ya Mwape. Kichwa ya samaki, ile balimuwekea mujomba mukubwa, akaiweka mu sahani ya Mwape. Kisha bote bakaikala, bakakula.