Kidonge cha Mchana

Mwuza dawa wa Makupa alikuwa na sauti ya mnadani. "Wewe tena! Hivi vidonge vya maumivu wavifanyia nini kila mwezi?"

Foleni nzima ikamgeukia Swabaha, mshonaji mabuibui wa Kuze, aliyevunjika nyonga ajalini miaka mitatu nyuma. Buibui lake jeusi alikuwa amelitarizi mwenyewe, na chini ya mtandio uso ulimwiva kwa haya.

"Mgonjwa hupewa pole, hapewi kesi," mtu alisema nyuma yake. "Mpe dada wa watu dawa yake."

Alikuwa Faraj, fundi wa friji kutoka Tudor, shati lina mafuta, mdomo hauna breki. Hawajafika barabarani, namba ya simu alikuwa ameshaipata.

Miezi minne walizungumza kila siku.

"Habibty, umekula?"

"Nimekula. Wewe umeoga, au bado wanuka gesi?"

"Njoo uninuse."

"Mwone! Adabu zako umezisahau ndani ya friji ya nani?"

Vidonge Faraj alivijua. Asilolijua ni kwamba daktari alikuwa ameanza kumpunguzia, kidogo kila mwezi. Swabaha alikuwa akinywa mara tatu kwa siku. Ramadhani ilipoingia akafunga kama watu wote, na cha mchana akakiacha bila kumwuliza mtu. Siku ya tano jasho la baridi lilimtoka, mikono ikatetemeka hata uzi ukakataa kuingia sindanoni, na kila neno likamuudhi.

"Mpenzi, mamangu ataka kuja kuposa baada ya Idi," Faraj alimwambia kwa simu.

"Asije! Nawe usinipigie tena."

Faraj aliamini Swabaha amepata mwengine. Alinuna siku tatu. Ya nne akashindwa, akaenda Kuze alasiri na bakuli la kaimati za futari. Swabaha alifungua mlango amejifunga leso, uso umemsawijika.

"Kumbe waumwa! Ndiyo maana wanifukuza?"

"Niliogopa utaniona mlevi wa vidonge. Hata mie nimejiona hivyo." Akalia.

"Vaa buibui, roho yangu. Twende kwa daktari."

Daktari Zilpah alisikiliza mpaka mwisho. "Wewe si mlevi. Mwili umeizoea dawa, na ukinyimwa ghafla hulalamika. Mbona hukuniambia wafunga?"

"Hukuniuliza. Uliandika, ukaita mwengine."

Daktari akaweka kalamu chini. "Kweli. Hilo ni kosa langu. Rudi kwenye kipimo cha mwanzo mpaka utulie, saumu utailipa baadaye. Kisha tutapunguza polepole, na ukisema tusimame, tutasimama. Sasa nakuuliza: waogopa nini?"

Kwa miaka mitatu hakuna aliyemwuliza hivyo.

"Naogopa maumivu yarudi, nami niko peke yangu."

"La maumivu ni lako, daktari," Faraj akadakia. "La peke yake niachie mie."

Swabaha akacheka na machozi yake. "Basi mamako naaje. Lakini kwanza mwambie mkwewe anywa vidonge."

"Nitamwambia leo hii, tukifuturu."

Siku ya posa sebule ya Kuze ilijaa mashangazi na harufu ya udi. Saa saba ilipofika, Swabaha alifungua mkoba mbele ya wote, akatoa kidonge chake cha mchana, akaomba maji. Aliyeinuka kumletea gilasi alikuwa mamake Faraj.