Lango Chini ya Sebule

Jumapili ile Norma Birtwistle alioka paja la kondoo na viazi, akaosha vyombo, kisha akamsaidia mumewe kuketi sebuleni. Clifford alikuwa ametoka hospitalini siku tano kabla, akiwa na nyonga mpya ya chuma. Zamani alizoea kujilaza chumbani juu baada ya mlo. Sasa ngazi zilimshinda, kwa hiyo kiti chake kikubwa kiliteremshwa, kikawekwa karibu na dirisha la barabarani. Haukupita muda akaanza kukoroma.

Jumatatu binti yao, Lorraine, alikuja kumwogesha. Alimvua baba yake shati. Mgongoni palikuwa na alama saba ndefu, za zambarau.

"Mama, hizi ni nini?"

"Labda alijigonga kitandani."

"Mara saba? Kitanda kilikuwa kinamfukuza?"

Akamvuta mama yake hadi ukumbini, akashusha sauti. "Umemchoka siku nyingi, mtaa mzima unajua. Nikiona alama nyingine namchukua, na watu wa ustawi wa jamii nitawaeleza sababu."

Miaka hamsini na mmoja ya ndoa. 

Alipobaki na mzee, alimuuliza taratibu ni nani aliyempiga.

"Wenzangu wa lindo," alisema Clifford. Maisha yake yote alikuwa fundi saa. Hakuwahi kuvaa sare ya jeshi lolote. "Wanasema nimewauza."

Siku mbili baadaye barabara ilichimbuliwa ili kupitisha mabomba mapya ya maji. Katika mji ule huwezi kusimika hata nguzo ya uzio bila mtaalamu wa mambo ya kale kuja kuchungulia shimo, maana ngome ya Warumi imelala chini ya nyumba zote. Safari hii alikuwa msichana aitwaye Imogen. Norma alitoka na vikombe viwili, wakanywa chai pamoja kando ya mtaro.

"Mama, lango la kaskazini linapita chini ya sebule yako," Imogen alimwambia. "Pale dirishani ndipo aliposimama mlinzi."

"Basi mlinzi wa sasa ni mume wangu, na anakoroma kama trekta."

Imogen alicheka. "Enzi zile angekiona. Askari aliyesinzia zamuni alipigwa fimbo na wenzake mpaka afe. Walikuwa wakilala wanane chumba kimoja."

"Kwa hiyo waliompiga walikuwa saba."

"Saba, ndiyo. Mama, mbona unamwaga chai?"

Norma alirudi ndani, akakikokota kile kiti mpaka jikoni. Siku tatu Clifford alisinzia hukohuko, kando ya jiko, na mgongo wake haukupata alama mpya.

Jumapili Lorraine alifika na macho mekundu. Alikuwa amekesha kazini.

"Baba unamweka karibu na pipa la taka, kama mbwa?"

"Mwanangu, sebuleni si pazuri."

"Pazuri kwako na televisheni yako." Alikirudisha kiti dirishani, akamketisha baba yake. "Leo nitakaa naye mimi. Wewe baki jikoni. Tuone kama alama zitatokea mkono wako ukiwa mbali."

"Basi nakuomba jambo moja tu. Usisinzie."

Lorraine alimfungia mlango usoni.

Saa tisa alasiri ilipita. Nyumba ilikuwa kimya. Kisha Norma alisikia mkoromo, mmoja, mwepesi. Wa Clifford aliujua. Huu haukuwa wake.

Halafu viatu. Vizito, vyenye misumari. Vilikuwa vinakanyaga mawe.

Sebuleni palikuwa na zulia.

Norma alisukuma mlango. Haukutikisika. Ndani hakuna aliyepiga kelele. Fimbo ilivuma, ikatua. Kimya. Ikavuma tena, kwa mkono mwingine, mzito zaidi. Alihesabu, paji la uso likiwa limegandamana na mbao. Tano. Sita. Saba. Akashusha pumzi.

Ikaja ya nane.

Mlango ukaachia wenyewe. Lorraine alikuwa amelala kifudifudi juu ya zulia, hai, akihema kwa shida. Clifford aliketi wima kitini, macho makavu, wazi kabisa. Kifua chake kilipanda na kushuka kama cha mtu aliyetoka kufanya kazi ngumu.

"Leo mimi sikusinzia," alinong'ona.

Lorraine aliwaambia madaktari kwamba alianguka kwenye ngazi. Habari za ustawi wa jamii hazikutajwa tena. Alipiga simu mara moja tu.

"Mama, kaa naye. Ni wako."

Hivyo Norma hakunyang'anywa mumewe. Sebule ameipiga kufuli. Kila mchana wanaketi jikoni wakitazamana, na Clifford hasinzii tena. Anamwangalia yeye. Kope za Norma zikianza kuwa nzito, mzee huinama mbele kidogo.

"Umechoka, mke wangu?"

"Hata kidogo."

Jioni Norma humkata kucha. Chini ya kucha hukuta maganda ya mti, mabichi, yenye utomvu, kama ya fimbo iliyotoka kuchongwa. Nyumba haina bustani, na Clifford hajavuka kizingiti tangu alipotoka hospitalini.