Rori ya Wangila

Pikapu ilirudi nyuma kwa kishindo, ikaubana mlango wa ghala.

Chepkemei, afisa wa ujasusi, akasukuma kwa bega. Mlango haukucheza.

Kitale, saa tano na robo asubuhi. Ndani ya koti alificha daftari alilotoka kuwapokonya wezi: misimu kumi na mmoja ya mbegu mpya ya maharagwe aliyoizalisha Wilkista, mkulima wa Naitiri, kwa mwandiko wake mwenyewe. Kiunoni, bastola, Glock 17. Simu haikushika mtandao ndani ya mabati yale.

Kisha akasikia harufu ya kitunguu saumu.

Hillary, kibaraka wa kampuni ya ng'ambo, alikuwa amerusha vidonge vya kufukizia wadudu. Gesi ile humuua mtu sawa na dumuzi wa mahindi. Tena huwaka kwa cheche moja. Glock sasa ilikuwa chuma bure.

"Pitisha daftari chini ya mlango utoke, madam," Hillary akaita. "Unakufia nini? Mkataba wa wazungu? Nchi iliingia ikanaswa. Si mjitoe tu, bana!"

"Tukijitoa, haki ya Wilkista inaishia mpakani Malaba. Hatua moja mbele, maharagwe ni yenu. Ndiyo maana mnataka tutoke."

Kwa mkataba huo, tarehe ambayo Wilkista aliandikisha mbegu yake hapa nyumbani ilihesabika katika kila nchi mwanachama kwa mwaka mmoja. Mwaka ulikuwa unaisha leo, saa sita mchana. Bungoma, karibu na msikiti, wakili Khairunisa alikuwa ameketi na mama huyo, akisubiri ushahidi wa daftari ili apeleke ombi la ng'ambo. Lingechelewa, kampuni ingeandikisha mbegu hiyo huko kwanza.

Kichwa kilianza kumgonga. Aliogopa, hakuna haja ya kudanganya.

Redio ya mkononi ikakoroma.

"Chep, Wangila hapa. Toka na dirisha la nyuma. Lori liko tayari. Ova."

Moyo ukamruka kwa furaha. Halafu ukasita.

Lori?

Wangila, mwenzake wa miaka minane, alizaliwa Misikhu. Siku ya harusi alimwapia mkewe Phelista kwamba atampenda "mirere" badala ya "milele", kanisa zima likacheka. Mtu yule hajawahi kupanda lori maishani mwake. Hupanda rori.

Huyu alikuwa Hillary akiigiza sauti, na redio ya wizi.

"Nimekupata, Wangila. Nakuja dirisha la nyuma. Ova."

Injini ikanguruma. Pikapu ikaondoka mlangoni, ikazunguka kwenda kumvizia.

Pole, mjanja.

Chepkemei akazika pua kwenye kola, akashika toroli yenye magunia manne ya mahindi, akaikimbiza mlangoni kwa nguvu zake zote.

Komeo likang'oka.

Hewa!

Pikipiki aina ya Boxer ikafunga breki mbele yake.

"Chep! Wameniibia redio pale stendi," Wangila akahema. "Panda! Rori ya porisi iko nyuma yangu!"

"Ngoja kwanza."

Akapiga picha kurasa, moja baada ya nyingine, huku akikohoa. Akamtumia wakili. Saa tano na dakika hamsini na mbili. Nyuma ya ghala, polisi walimkuta Hillary bado amelikodolea macho dirisha.

Simu ikalia. Wilkista.

"Wakili anasema ombi limeingia. Sasa malagwe ni yangu hata huko ng'ambo?"

Chepkemei akalirudisha daftari ndani ya koti.

"Ni yako, mama. Malagwe yako."

Akafunga zipu ya koti, akaenda kutafuta chai.