Simu Iliyoita Majina

Saa tisa mchana, mvua ya Ikonge ikianza kugonga mabati, simu iliyokuwa mezani ilikohoa. Mara mbili, kikohozi kikavu cha mama mzee. Haron aliacha kikombe chake hewani.

"Si ulisema ulivitoa vikohozi vyote?" mkewe, Kemuma, alimwuliza kwa sauti ya chini.

"Nilivitoa. Kimoja kimoja."

Na kweli alikuwa amevitoa kwenye rekodi. Haron alirekodi wazee kwa ajili ya kampuni moja ya ng'ambo iliyokuwa ikifundisha mashine kusema Ekegusii, na wa kwanza kurekodiwa alikuwa mamake, Nyakerario. Kifua kilipomwua mama huyo mwaka jana, Haron aliichukua sauti yake akaiundia programu, ikawa inaongea kwenye simu kama mwenyewe: inauliza kama chai imechumwa, inagomba kuhusu chumvi. Ujinga wa msomi, ukiniuliza mimi, lakini alimpenda mamake na sitamcheka.

Siku hiyo walimhitaji. Mtoto wao wa wiki tatu alikuwa akilia tangu juzi na kukataa titi, na daktari hakuona ugonjwa. Katika ukoo wao mtoto wa namna hiyo huitiwa majina ya marehemu, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Aliye hai haitwi kamwe. Anayeita ni bibi, na bibi alikuwa amelala kaburini nyuma ya migomba. Majina hayo hakuyajua mwingine, ila Haron alikuwa amemrekodi akiyataja.

"Mama, mwitie mtoto," Haron aliiambia simu.

"Ogari," simu ilisema. Mtoto alilia. "Mokua. Anyona. Onyancha."

Alizidi kulia. Majina yaliyorekodiwa yakaisha, lakini sauti haikukoma, iliendelea na majina ambayo Haron hakuwahi kuyasikia, polepole, ikivuta pumzi kati ya jina na jina kama mtu anayepanda mlima, na chumba kikajaa harufu ya udongo, si udongo wa mvua bali ule mwekundu wa chini kabisa unaotolewa mwisho kaburi likichimbwa, na Kemuma akamvuta mtoto kifuani.

"Izime," alinong'ona. "Aki izime."

"Nimeizima! Angalia, imezima!"

"Haron," simu ikasema.

Mtoto akanyamaza. Akageuza kichwa, akalishika titi, akanyonya kwa pupa.

Haron aliitumbukiza simu kwenye ndoo ya maji. Kesho yake alikuja Zachariah, mzee wa kanisa, mtu aliyeogopwa na mapepo ya Nyamira nzima.

"Hiyo si mama yako, kijana," alisema. "Ni jini. Mliacha sauti ya mtu bila mwenyewe, ikaingia. Na nyinyi mkaipea kazi ya bibi."

Aliomba mpaka shati likamganda mgongoni. Harufu ikaisha. Waliimba, wakashukuru, Kemuma akalia kwa furaha. Zachariah hakuwa amefika barabarani mtoto alipoanza tena.

Walimwita Ogari. Walimwita Mokua. Zachariah alirudi akajaribu majina ya manabii wote anaowajua. Siku ya pili utosi wa mtoto ulikuwa umebonyea na kilio chake hakikuwa na machozi. Katika siku hizo mbili alinyonya mara moja tu, Kemuma aliposahau akamwita mumewe aliyekuwa nje akikata majani ya ng'ombe.

"Haron!"

Mtoto alinyonya. Nje, panga lilianguka, na mtu akakohoa mara mbili, kikohozi kikavu. Haron, ambaye hajawahi kuugua hata mafua, aliingia ameshika kifua. Wote wawili walielewa: jina la kumnyamazisha mtoto ni la marehemu, na aliye hai akiitwa huanza kufa.

Sasa mtoto alikuwa amelala mapajani, mdomo wazi, hana hata nguvu ya kulia. Kemuma alitikisa kichwa.

"Siwezi," alisema. "Yaya, hapana. Usiniambie hivyo."

"Mwite," Haron alimwambia, akakaa karibu naye na kuushika mguu mdogo wa mtoto. "Mama mtoto, mwite ale."

Kemuma alimwita kwa jina la mumewe. Mtoto alinyonya, na alipokuwa akinyonya Kemuma alihesabu vikohozi vya mumewe. Safari hii vilikuwa vitano.